Che Guevara alitembea na pumu hadi Kigoma

Sura yake unaijua, mpenzi msomaji. Umeiona kwenye fulana za vijana, nyuma ya bajaji, ubavuni mwa daladala na kwenye kuta za saluni za kiume: kijana mwenye nywele ndefu, ndevu chache, kofia ya bereti yenye nyota, macho yakitazama mbali. Wengi wanaovaa fulana hiyo wanajua kwamba huyo ni Che Guevara, mwanamapinduzi wa Amerika ya Kusini. Wachache wanajua kwamba alikuwa daktari. Na wachache zaidi wanajua kwamba tangu akiwa hajatimiza miaka miwili hadi siku alipouawa, alikuwa mgonjwa wa pumu, tena pumu kali.

Siasa zake sitaziingia. Wapo wanaomwita shujaa, na wapo wanaosema alimwaga damu za watu bila huruma. Hilo nawaachia wenye kurasa za siasa humu gazetini. Mimi namleta leo kwa sababu ya swali ninaloulizwa na wazazi karibu kila wiki: mtoto mwenye pumu aachwe acheze? Akimbie na wenzake, aende kambi ya shule, apande mlima, au akae ndani afungwe sweta hadi akue? Maisha ya mtu huyu yana jibu, ila si jibu lile ambalo watu hulitoa haraka, kwamba ukiwa na moyo mgumu pumu itakukimbia. Tuyatazame.

Kwanza ujue pumu ni nini. Ndani ya mapafu hewa hupita kwenye mirija inayogawanyika kama matawi ya mwembe. Kwa mwenye pumu, kuta za mirija hiyo zimevimba kwa ndani, mara nyingi hata siku anayojisikia mzima. Akikutana na kitu kinachomchokoza, iwe vumbi, moshi, mafua au baridi, misuli inayozunguka mirija hujikaza, ute mzito hujaa, na nafasi ya kupitishia hewa inabaki finyu. Hewa huingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, ndiyo maana unasikia kifua kinapiga mluzi. Huko kuvimba kwa ndani ukukumbuke, maana tutakurudia.

Ernesto Guevara alizaliwa mwaka 1928 mjini Rosario, Argentina, mtoto wa kwanza wa Ernesto Guevara Lynch na mkewe Celia de la Serna. Mwezi Mei 1930 mama alikwenda naye kuogelea mtoni, huko San Isidro karibu na jiji la Buenos Aires. Kwa wenzetu wa kule kusini, Mei ni mwezi ambao baridi inaanza. Usiku ule mtoto akaanza kukohoa, kifua kikambana, na tangu hapo hakikumwachia. Baba hakuisahau siku hiyo. Kwa miaka mingi alimlaumu mkewe kwamba ndiye aliyemletea mtoto ugonjwa, kwa kumtia kwenye maji ya baridi.

Ngoja nisimame hapa kidogo, kwa sababu kesi hii ninaikuta hata leo. Mama anakuja na mtoto, nyuma yake yupo shangazi au mama mkwe, na kabla sijaweka kipimo kifuani ninaambiwa kwamba mama huyu humwogesha mtoto maji ya baridi, au alimpa aiskrimu, au alimlaza chini ya feni. Maji ya baridi yanaweza kuamsha shambulio kwa mtoto ambaye tayari ana pumu. Hayawezi kumpa pumu mtoto asiye nayo. Ugonjwa huu kwa sehemu kubwa hutembea kwenye damu ya ukoo, pamoja na mzio wa ngozi na mafua ya mara kwa mara, halafu mazingira yanauchochea. Kama si mto ule wa San Isidro, ingekuwa mafua ya wiki iliyofuata. Celia hakuwa na kosa, na wewe mama unayesoma hapa huna kosa.

Familia ile ilihangaika kama unavyohangaika wewe. Baba alilala ameketi kitandani, mtoto amemlalia kifuani, kwa kuwa akilazwa chali alishindwa kupumua. Waliandika kila siku hali ya hewa ilikuwaje na mtoto alikula nini, wakitafuta kinachomchokoza. Waliondoa mazulia na mapazia, wakabadilisha mito, wakafuta vumbi kutani, wakawatoa wanyama wa kufugwa. Mwishowe, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakahama kabisa wakaenda Alta Gracia, mji mdogo kwenye vilima vya mkoa wa Córdoba, wenye hewa kavu, ambako madaktari wa wakati ule waliwapeleka wagonjwa wa kifua. Walikwenda kwa kujaribu. Wakaishi huko miaka ipatayo kumi.

Hewa ile ilimsaidia, lakini haikumponya. Sikutumi uhame mji. Ila lile zoezi la kuandika na kuchunguza, mimi huwaambia wazazi walifanye hata leo, tena daftari la shule linatosha. Katika nyumba zetu wachokozi wana majina yao: jiko la kuni au mkaa lililo karibu na chumba cha kulala, dawa ya mbu ya kuchoma, mende, mito ya sufi iliyozeeka, zulia lisiloanikwa juani, sigara ya baba au ya mgeni. Kwa ndugu zangu wa pwani naongeza udi na ubani. Najua nagusa mahali penye heshima, lakini kifukizie nje au mtoto akiwa hayupo.

Sasa njoo kwenye jambo lililomtofautisha mtoto huyu na wagonjwa wengi wa zama zake. Pumu ilimfanya achelewe kuanza shule, hivyo mama yake alimfundisha kusoma nyumbani. Siku za shambulio alikaa kitandani na vitabu, na tabia hiyo ya kusoma haikumtoka mpaka mwisho. Lakini siku kifua kilipotulia, Celia alimwacha atoke. Alitaka mwanawe akue kama watoto wengine kadiri ilivyowezekana. Akapanda vilima, akaogelea, akapigana mawe na watoto wa mtaani, akarudi nyumbani mchafu kama wenzake. Akizidiwa alirudi kitandani, akipona alitoka tena. Sidhani kama lilikuwa jambo rahisi kwa mama huyo. Kumwachia mtoto mwenye pumu mlango wazi kunataka moyo kuliko kuufunga.

Alipokuwa kijana akachagua mchezo wa raga. Umeuona raga? Watu wazito wanakimbia na mpira mkononi, wanakumbana, wanaangushana. Alicheza mjini Córdoba na baadaye Buenos Aires, na mwaka 1951 hata alianzisha na wenzake gazeti dogo la mchezo huo. Kila mechi, kando ya uwanja ilikuwapo inhela yake. Kifua kikibana alitoka, akavuta dawa, akakaa kidogo, akarudi uwanjani. Zingatia hapo, mzazi. Watu wakisimulia habari hii husifu ukaidi wake. Mimi naisifu ile inhela iliyokuwa kando ya mstari.

Inhela ya siku hizo haikuwa kama hii tunayoijua. Ilikuwa chupa ndogo yenye mpira wa kubonyeza kwa mkono, na ndani yake dawa ya adrenalini. Adrenalini hulegeza misuli ya mirija ya hewa kwa haraka, lakini nguvu yake ni ya muda mfupi, na huufanya moyo udunde mbio na mikono itetemeke. Shambulio kubwa lilihitaji adrenalini ya sindano, na Ernesto alijifunza kujidunga mwenyewe. Kwa huko kuvimba kwa ndani nilikokuambia ukukumbuke, adrenalini haifanyi kitu cha maana. Yaani kila siku alizima moto, lakini makaa yalibaki.

Jeshi la Argentina lilimkataa kwa sababu ya kifua chake. Akasoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires, na akiwa huko akafanya kazi katika kliniki ya mzio ya Dk Salvador Pisani, akitafiti ugonjwa ulio jirani kabisa na wake. Mwaka 1950, wakati wa likizo, alifunga injini ndogo kwenye baiskeli akazunguka mikoa ya kaskazini ya Argentina peke yake, kilomita zipatazo 4,500. Ni kama kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi, mara mbili. Safari iliyofuata ndiyo iliyokuja kupata umaarufu. Mwaka 1952 yeye na rafiki yake Alberto Granado walisafiri kwa pikipiki kuukuu ya Norton. Iliwafia huko Chile, wakaendelea kwa miguu, malori na boti hadi Peru, Kolombia na Venezuela. Njiani pumu ilimwangusha mara nyingi, na mara nyingi Granado ndiye aliyemwangalia usiku. Katika kijiji cha wagonjwa wa ukoma cha San Pablo, kando ya mto Amazon, waliwahudumia wagonjwa, wakacheza nao mpira, na Ernesto akaogelea akauvuka mto ule hadi ng'ambo.

Kuogelea ni moja ya michezo mizuri kwa mwenye pumu, kwa sababu hewa ya juu ya maji ina unyevu na haikaushi mirija. Mto Amazon sikushauri. Wala usiingie majini peke yako, kwani shambulio likikukuta katikati ya maji hakuna wa kukuvuta.

Alihitimu udaktari mwaka 1953. Mwaka uliofuata akafika Mexico, akapata kazi ya kitengo cha mzio katika hospitali kuu ya jiji, na mwaka 1955 akakutana na Fidel Castro wa Cuba. Akiwa Mexico alijaribu mara kwa mara kupanda mlima Popocatépetl, ulio na zaidi ya mita 5,000, mfupi kidogo tu kuliko Kilimanjaro. Kifua kilimrudisha nyuma, na safari nyingine akarudi tena mlimani.

Hapa hadithi inageuka, na ndipo ninapotaka uvae miwani yako vizuri. Hadi hapo Ernesto alikuwa kijana wa mjini. Hata akisafiri, duka la dawa halikuwa mbali sana, na rafiki alikuwa pembeni. Usiku wa Novemba 25, 1956 watu 82 waliondoka Mexico kwa siri katika boti iitwayo Granma, ambayo haikutengenezwa kubeba hata nusu yao. Daktari wa kundi lile alikuwa Ernesto, ambaye sasa wenzake walimwita Che. Waliondoka kwa haraka, na dawa yake ya pumu ikabaki nyuma. Alisafiri siku zote zile baharini akiwa na shambulio na hana cha kuvuta. Walipofika Cuba, Desemba 2, walivamiwa baada ya siku chache tu. Katika mkanganyiko ule palikuwa na mkoba wa dawa na sanduku la risasi, na yeye hakuweza kubeba vyote viwili. Alibeba risasi. Wanasiasa husimulia tukio hilo kwa namna yao. Mimi kama daktari naona tu mkoba ukibaki kwenye majani.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1957, katika milima ya Sierra Maestra, yakamkuta yale unayoyaogopa wewe mzazi. Pumu ilimkamata akashindwa kutembea. Wenzake walipokuwa wakikimbia askari, mmoja wao alibaki akimkokota na kumsukuma ili asifie njiani. Mkulima mmoja alitumwa mjini kuinunua adrenalini kwa siri, na ilipopatikana ilikuwa kidogo mno. Mwendo ambao mtu mzima angeumaliza kwa siku moja ulimchukua siku kumi. Mtu yuleyule aliyecheza raga na kuvuka Amazon! Ujasiri haukuwa umepungua, bila shaka ulikuwa umezidi. Kilichopungua ni dawa.

Huko milimani, dawa ilipokosekana, alivuta moshi wa majani makavu ya mmea wa wenyeji uliosemwa kuwa hufungua kifua. Usishangae. Kabla ya inhela za kisasa hata madaktari waliwaandikia wagonjwa wa pumu sigara za majani ya mnanaha. Mmea huo una kemikali inayolegeza mirija kweli, lakini ni sumu. Kiasi kikizidi kidogo mtu huchanganyikiwa akili, moyo unaenda mbio, na anaweza kufa. Ninakutaja wewe unayeuziwa mizizi na majani ya kuvuta au kuchemsha kwa ajili ya kifua. Kile chenye manufaa ndani yake kilishatolewa na wanasayansi, kikapimwa, kikawekwa kwenye kopo lenye kiwango kinachojulikana.

Vita vya Cuba viliisha Januari 1959, Che akawa kiongozi wa serikali, mkuu wa Benki Kuu na kisha waziri wa viwanda. Dawa sasa hazikuwa shida. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo kama angekuwa mgonjwa wangu tungegombana kila kliniki: alivuta biri nene za Cuba. Daktari, tena wa mzio, tena mwenye pumu! Moshi wa tumbaku huzidisha kuvimba kwa mirija na hudhoofisha kazi ya dawa. Watu wenye akili nyingi nao wana ujinga wao, na elimu ya udaktari haitukingi.

Mwaka 1965 akaja kwetu. Mwezi Aprili alifika Dar es Salaam kwa siri, amenyoa ndevu na kuvaa miwani, akasafiri kwa gari hadi Kigoma, na alfajiri ya Aprili 24 akavuka Ziwa Tanganyika kwa boti kwenda Kibamba, upande wa Kongo, kuwasaidia waasi wa huko. Wacuba walipewa majina ya siri ya Kiswahili, kwa hesabu. Wa kwanza alikuwa Moja, wa pili Mbili, na yeye akaitwa Tatu. Alitambulishwa kama daktari na mkalimani, akawatibu wagonjwa katika zahanati ya kambi, na kijana mmoja wa Kikongo akawa anamfundisha Kiswahili.

Miezi saba ile ilimchosha sana mwili. Alipata homa, akaharisha, pumu ikamrudia katika baridi na unyevu wa milima iliyo juu ya ziwa, akakonda. Na akiwa huko ndipo zilipomfikia habari kwamba mama yake, Celia, amefariki dunia kwa saratani mwezi Mei. Yule aliyelaumiwa kwa maji ya mto, aliyemfundisha kusoma kitandani na kisha akamfungulia mlango, alikufa mwanawe akiwa kwenye milima ya Kongo. Novemba 21, 1965 Che alivuka ziwa kurudi Kigoma. Mpango wa Kongo ulikuwa umeshindwa. Alikaa Dar es Salaam kwa miezi kadhaa, amejificha katika jengo la ubalozi wa Cuba, akiandika kumbukumbu zake na kujiuguza.

Safari ya mwisho ilikuwa Bolivia, kuanzia Novemba 1966. Safari hii hakusahau dawa. Alizichukua, na pamoja na nyaraka na vifaa vingine zikafichwa kwenye mashimo karibu na kambi yao ya Ñancahuazú. Tatizo ni kwamba jeshi liliwasukuma mbali na mashimo hayo, na wakawa hawawezi kurudi. Kufikia Juni 1967 akiba aliyobeba ilikuwa inaisha. Tarehe 6 Julai watu wake waliingia katika mji mdogo wa Samaipata, ulio kwenye barabara kuu, na moja ya shida zilizowapeleka huko ilikuwa dawa zake za pumu. Walirudi na dawa, lakini si zile alizozihitaji.

Agosti ilikuwa mbaya zaidi. Alipanda farasi kwa kuwa miguu ilishindwa kwa kukosa pumzi. Sindano ya mwisho ya pumu iliisha. Akajidunga ganzi mshipani kwa kubahatisha, haikusaidia kitu. Akawatuma watu wachache warudi kwenye lile shimo la dawa, mwendo wa siku nyingi porini. Tarehe 14 Agosti, wakiwa bado njiani, redio ikatangaza kwamba jeshi limeligundua. Katika shajara yake aliihesabu siku hiyo kuwa kati ya mapigo makubwa kuliko yote waliyopata, na alijua kwamba kuanzia hapo pumu haina kizuizi. Alikamatwa Oktoba 8 katika bonde la karibu na kijiji cha La Higuera, akauawa kesho yake. Alikuwa na miaka 39. Si pumu iliyomuua, ni risasi. Lakini mtu akisoma miezi yake ya mwisho kwa macho ya daktari anaona mgonjwa asiyeweza kupanda kilima.

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya kifo chake, inhela ya salbutamol ilianza kuuzwa. Ni ile wengi mnayoiita pampu, mara nyingi ya rangi ya bluu. Hufungua mirija kama adrenalini, lakini haiusumbui moyo kiasi kile na hudumu saa kadhaa. Mwaka 1972 ikaja inhela ya beclomethasone, ya jamii ya steroidi, na hii ndiyo iliyobadilisha kila kitu, kwa sababu hupunguza kule kuvimba kwa ndani. Ikitumiwa kila siku, asubuhi na jioni, hata siku ambazo kifua kimetulia, mashambulio hupungua na mgonjwa wengi wao huishi kama wengine. Siku hizi zipo pia zinazochanganya dawa mbili katika kopo moja. Dawa za namna hii zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Che, pamoja na udaktari wake wote, hakupata hata moja kati ya hizi mbili.

Ndiyo maana nasikitika ninapomwona mtoto wa leo mwenye pampu ya bluu peke yake, anaivuta kila usiku, na hajawahi kuandikiwa ile ya kuzuia. Huyo anatibiwa kwa kanuni za mwaka 1950. Kama mwanao anahitaji ile ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anaamka usiku kwa kukohoa, rudi kwa daktari uulize kuhusu dawa ya kuzuia. Uliza waziwazi.

Utaambiwa mtaani kwamba inhela humfanya mtu awe tegemezi, au kwamba akishapewa pampu basi amefikia mwisho. Si kweli. Dozi inayoingia kifuani ni ndogo sana ukilinganisha na vidonge au sindano, kwa kuwa inakwenda moja kwa moja inakotakiwa. Baada ya kuvuta ile ya steroidi asukutue mdomo kwa maji na kutema, ili asipate utando mweupe wa fangasi.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Anahitaji chombo cha kupitishia. Ukikosa cha dukani, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni tundu linaloshika mdomo wa inhela sawasawa hufanya kazi. Watafiti wa Cape Town waliipima chupa hiyo miaka ya 1990 wakaona inakaribiana na chombo cha kununua. Muuguzi wako akuoneshe jinsi ya kuitoboa bila kuacha ncha kali.

Kuhusu michezo, jibu langu ni acheze. Apashe mwili moto taratibu kwa dakika kumi au zaidi kabla ya kukimbia kwa nguvu. Kama kukimbia humbana, muulize daktari kuhusu kuvuta dawa kabla ya mchezo. Siku ana mafua au amelala vibaya, apumzike. Mwalimu wa michezo ajue, na rafiki mmoja ajue. Inhela iwe mfukoni mwa mtoto au kando ya uwanja. Isifungiwe kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu ambaye ameenda semina.

Shambulio likija, mketishe wima, usimlaze. Mpe salbutamol kupitia chombo, mvuto mmoja mmoja, minne hadi kumi, kila mmoja akipumua mara kadhaa. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, midomo ikibadilika rangi au akianza kusinzia, nenda hospitali mara moja huku ukiendelea kumpa dawa kila baada ya dakika 20. Usisubiri kupambazuke.

Na kabla ya safari yoyote, iwe ya kijijini kwa bibi au ya kupanda mlima, angalia kopo. Inhela nyingi za salbutamol zina mivuto 200. Baada ya hapo kopo huendelea kutoa upepo na sauti ileile, lakini dawa haimo. Kulitikisa hakukwambii kitu. Kama halina kihesabio, andika kwa kalamu juu yake tarehe uliyolifungua na uhesabu, kisha beba la pili, na lisikae kwenye begi linalofungwa juu ya basi.